SILENSA YA JUU: USIANZE NA BISIBISI

 

Mara nyingi tukikutana hapa tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na wadudu. Leo nataka tuzungumze juu ya chombo kinachovibeba vitu hivyo kwenda shamba, na kinachorudi na mavuno: gari. Tena si gari jipya. Nasema lile gari la zamani la petroli, lenye kabureta. Land Rover ya mzee, pikapu ya Peugeot 404 au 504, au Toyota Land Cruiser ya miaka ya 70. Magari haya hayatengenezwi tena. Land Rover ya Series III, kwa mfano, ilianza kutengenezwa mwaka 1971 na ikakoma mwaka 1985. Lakini sisi wa Tabora tunajua kwamba gari la namna hiyo, likitunzwa, bado linafika mahali ambapo gari jipya linageuza njiani.

Wengine mtasema, "Bwana shamba, injini na kilimo wapi na wapi?" Subirini kidogo, nitawaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu.

Yuko mzee mmoja anakaa Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini. Shamba lake liko nje ya mji, na anayo Land Rover ya zamani ya kusombea mahindi na karanga zake, pamoja na za majirani. Siku moja, wakati wa kusomba mahindi, nilipita kumwangalia. Nikakuta watu wamesimama uani kimya, ubao wa mlango wa ghala umevunjika, na mahindi yamemwagika chini.

Nikasema, "Shikamoo mzee. Kumetokea nini?"

"Marahaba, bwana shamba. Ingia uone mwenyewe. Leo mjukuu wangu amezaliwa mara ya pili."

Mambo yalikuwa hivi. Kijana wake alikuwa akirudisha gari nyuma kuelekea ghalani. Mjukuu, mtoto wa miaka kumi hivi, alisimama nyuma akimwelekeza kwa mkono. Kwa wiki kadhaa gari lilikuwa na resi kubwa hata likiwa limesimama, nao walikuwa wamekwisha kuzoea kelele ile. Kijana alipoachia klachi kidogo tu, mguu wake haujagusa mafuta, gari likaruka kinyumenyume. Mtoto akajitupa pembeni. Gari likavunja mlango, likapasua magunia mawili, ndipo likazima.

Ndugu zangu, magunia yanashonwa na mlango unapigwa misumari. Mguu wa mtoto haushonwi hivyo.

Mzee akaniambia kwamba fundi mmoja wa mtaani alikuwa amekwisha kushika skrubu za kabureta mara tatu, na mara ya tatu akasema kabureta imekufa, inunuliwe nyingine. Mzee alikuwa anafikiria kuuza magunia sita ili ainunue. Nikamwomba anipe nafasi nitazame kwanza. Mimi si fundi wa gereji. Lakini kwenye chuo cha kilimo tunajifunza zana, na injini ya petroli ni injini ya petroli, iwe ya kusukuma maji au ya kubeba mahindi. Yale niliyoyafanya siku ile ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo.

Kwanza tuelewane maneno. Mwendo wa injini wakati gari limesimama na mguu hauko kwenye mafuta, madereva na mafundi wetu wanauita silensa. Injini nyingi za petroli za zama zile hutakiwa kuzunguka kati ya mara 500 na 850 kwa dakika zikiwa kwenye silensa, kila aina na kiasi chake. Ukiwa na kitabu cha gari lako, fuata kitabu. Kama huna kitabu wala saa ya kuhesabia mizunguko, tumia masikio. Silensa nzuri inanguruma taratibu na kwa usawa, na watu wawili waliosimama karibu na gari wanaweza kuongea bila kupaza sauti.

Sasa, kwa nini silensa ya juu ni mbaya? Fikirieni wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba pembe kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo. Walipofika kambini walitua mizigo wakapumzika. Mpagazi ambaye angefika kambini akaendelea kurukaruka palepale na mzigo wake, asingemaliza safari. Injini yenye silensa ya juu inafanya hivyo hasa. Gari limesimama mnadani, mnapakia magunia, nayo inakunywa petroli bure, inapata moto bure na kulika bure. Ukiingiza gia inalia. Ukishuka mlima gari linakusukuma, unamaliza breki. Ukizima ufunguo, mara nyingine injini inaendelea kukoroma na kutetemeka kabla ya kufa. Na zaidi ya yote ni hatari, kama yule mtoto alivyotaka kuumia.

Haya basi, tuingie ndani ya kabureta. Msiogope, jambo lenyewe ni rahisi. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Ndani yake kuna kilango cha duara kama sarafu. Ukikanyaga mafuta, kilango kinafunguka, hewa nyingi inaingia na kuvuta petroli nyingi, injini inakwenda mbio. Ukiondoa mguu, kilango kinafunga na kubaki na uwazi mdogo sana. Huo uwazi mdogo, pamoja na kitundu cha pembeni kinachopitisha petroli kidogo, ndivyo vinavyoifanya injini iendelee kuzunguka gari likiwa limesimama.

Kwa kawaida kabureta ina skrubu mbili za kurekebisha silensa. Ya kwanza inazuia kile kilango kisifunge kabisa. Hiyo tuiite skrubu ya resi. Ukiikaza resi inapanda, ukiilegeza resi inashuka. Ya pili ina ncha kama sindano, nayo inapima mchanganyiko. Hiyo tuiite skrubu ya mchanganyiko.

Kosa la wengi ni hili: wakisikia injini inapiga kelele, wanakimbilia bisibisi. Mimi nasema, usianze na bisibisi. Silensa iliyokuwa nzuri mwezi uliopita haipandi yenyewe kwa sababu skrubu imeamua kugeuka. Skrubu hizo zina springi ya kuzishika. Kikipanda kitu, mara nyingi kuna kilichokwama, au kuna hewa inayoingia mahali ambapo si pake. Mimi naiita hewa ya wizi.

Kwa hiyo fuateni utaratibu huu, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni usalama. Weka gari mahali tambarare na pa wazi. Usifanye kazi hii ndani ya banda lililofungwa, maana katika moshi wa gari kuna hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua mtu kama usingizi. Vuta breki ya mkono, toa gia, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Watoto wakae mbali, na mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, kitenge au kanga ifungwe vizuri, kwa sababu feni haina macho. Sigara izimwe. Petroli inanusa moto kutoka mbali.

Hatua ya pili, injini ipate moto wake wa kawaida. Endesha kama robo saa hivi. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi na choki imevutwa, resi lazima iwe juu kidogo. Huo si ugonjwa. Mtu anayerekebisha silensa injini ikiwa ya baridi atalia mchana gari likizimazima barabarani.

Hatua ya tatu, tazama choki. Rudisha kitasa cha choki mpaka mwisho, kisha fungua boneti uone kama kule kwenye kabureta nako kumerudi. Hapa kwetu wakati wa kiangazi vumbi linaingia kila mahali, na waya wa choki ukishika vumbi na kutu unakwama njiani. Kitasa kinasema kimerudi, kabureta inasema bado. Dawa yake ni kusafisha na kupaka oili nyepesi.

Hatua ya nne, tazama njia ya mafuta, yaani pedali, fimbo au waya wake, na springi ya kurudishia. Zima injini. Mtu mmoja akanyage mafuta na kuachia, wewe utazame kwenye kabureta. Mkono wa kabureta lazima urudi haraka mpaka uguse ncha ya skrubu ya resi. Usipogusa, tafuta kinachouzuia. Pengine zulia limebana pedali, pengine fimbo imepinda, pengine springi imechoka. Kwenye Land Rover ya yule mzee springi ilikuwa imekatika, na mahali pake wamefunga kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Ndugu zangu, mpira ukipata joto unalegea na kuvutika. Springi ni kitu cha bei ndogo. Nunueni springi.

Hatua ya tano ndiyo yenye siri ya mazungumzo ya leo. Washa injini. Chukua bisibisi, lakini kwa kupima tu. Hesabu mizunguko unapolegeza skrubu ya resi, ili ujue kuirudisha mahali pake. Ilegeze mpaka ncha yake isiguse kabisa mkono wa kabureta. Sasa kilango kimefunga mwisho wake. Injini nzima inatakiwa ishuke mpaka itake kuzima. Ikishuka, vizuri, skrubu ina nguvu na unaweza kuendelea na marekebisho. Lakini kama skrubu haigusi kitu na injini bado inapiga resi, basi hata ungeigeuza mpaka jioni hutapata kitu. Hewa inapita mahali pengine. Rudisha skrubu ilipokuwa, ukatafute mwizi.

Mwizi huyo anakaa wapi? Kwanza, chini ya kabureta, pale inapokaa juu ya bomba la kugawa hewa, ambalo mafundi wanaliita manifoldi. Barabara zetu zenye makorongo zinalegeza nati, na gasketi ya pale inapasuka. Pili, pale manifoldi inapoungana na injini. Tatu, kwenye mipira midogo inayotoka hapo, kama mpira unaokwenda kwenye distribyuta, na mpira wa busta ya breki kama gari linayo. Nne, kwenye chuma kinachoshika kile kilango ndani ya kabureta. Zima injini ushike mkono wa kabureta uutikise. Ukicheza sana kwenda juu na chini, tundu limelika, na hiyo ni kazi ya mchonga vyuma.

Kumtafuta mwizi huyu hakuhitaji mashine. Chukua mpira mwembamba wa urefu kama wa mkono. Weka ncha moja sikioni, na ncha ya pili uipitishe polepole kuzunguka kila kiungio, mbali na feni. Hewa inapovuja utasikia mluzi. Njia nyingine ni maji ya sabuni. Paka kidogo kwa brashi kwenye kiungio, bila kugusa nyaya za plagi. Mahali penye ufa patayafyonza, na sauti ya injini itabadilika kidogo. Kwa mipira, ibane taratibu kwa koleo mmoja mmoja. Ukibana mmoja na resi ikashuka, umempata. Lakini nasisitiza: wako watu wanaotafuta uvujaji kwa kumwagia petroli juu ya injini. Msifanye hivyo hata siku moja. Mtapoteza gari, na pengine macho.

Kwa yule mzee, mluzi ulisikika chini ya kabureta. Nati mbili zilikuwa zimelegea na gasketi imechanika upande mmoja. Fundi alipoona injini inatetemeka kwa hewa nyingi, alikuwa amefungua skrubu ya mchanganyiko kuiongezea petroli. Hewa ya wizi ikapata petroli ya kutosha, na ndipo resi ikapanda. Kila mara aliposhusha upande mmoja, upande wa pili ukaharibika. Kabureta haikuwa imekufa. Tulinunua gasketi na springi, na bei yake yote haikufika bei ya debe la mahindi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee yule alikuwa tayari kuuza magunia sita kujenga ukuta.

Mkishaziba nyufa, ndipo mnaingia hatua ya sita, kurekebisha. Chujio la hewa liwe safi, na liwe mahali pake. Plagi na pointi za distribyuta ziwe nzuri, kwa sababu moto ukiwa mbaya hakuna skrubu ya kuuponya. Tena kama mtu amegeuza distribyuta hivi karibuni, moto ukawahi kuliko kawaida, hiyo nayo inapandisha silensa. Hakikisha hilo kwanza.

Washa injini ikiwa na moto wake. Geuza skrubu ya resi robo mzunguko, ngoja usikilize, kisha robo nyingine, mpaka resi ishuke karibu na unavyotaka. Halafu shika skrubu ya mchanganyiko. Ikaze polepole mpaka injini ianze kukwama. Sasa ilegeze, ukihesabu, mpaka injini izunguke vizuri na kwa usawa kabisa. Ukizidi kulegeza itaanza kunguruma kwa uzito na moshi utakuwa mweusi. Mahali pake ni pale inapokwenda kwa usawa, si pale penye petroli nyingi. Kwenye kabureta chache kazi ya skrubu hii ni kinyume, inapima hewa badala ya petroli, kwa hiyo sikiliza injini, usishindane nayo. Na usiikaze kwa nguvu mpaka mwisho, maana ile ncha ya sindano itapata kovu na haitapima tena.

Ukipata usawa, utaona resi imepanda kidogo. Rudi kwenye skrubu ya resi uishushe. Kisha rudia tena ile ya mchanganyiko. Mara mbili au tatu hivi zinatosha.

Hapo kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa nyanda hizi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Gari lililorekebishwa Dar es Salaam likifika hapa, petroli inakuwa nyingi kidogo kwa hewa iliyopo. Kwa hiyo ukinunua gari kutoka pwani, usiseme kabureta ni mbovu. Rekebisha kwanza mchanganyiko kwa hewa ya kwetu.

Hatua ya saba na ya mwisho, jaribu. Kanyaga mafuta, achia. Resi ishuke mara moja na itulie. Washa taa kubwa, injini isizime. Taa ya oili isiwake injini ikiwa kwenye silensa. Ikiwaka, silensa iko chini mno, au oili na injini vina matatizo, na hilo litazamwe upesi. Endesha kidogo, simama, geuza, rudi nyuma. Gari likitulia kila mara unapoondoa mguu, umemaliza.

Wengine mtauliza, "Mbona tusimpe fundi tu?" Mpeni. Fundi mzuri ni hazina, na kama tundu limelika au distribyuta imegeuzwa, ni yeye atakayewasaidia. Lakini mpelekeni mkijua mmekwisha kutazama choki, springi, nati na mipira. Mwenye mali anayejua anachouliza hauziwi kabureta mahali pa gasketi.

Nawakumbusha kwa ufupi. Injini iwe na moto. Choki irudi mpaka mwisho. Springi ivute. Skrubu ya resi ikilegezwa na resi isishuke, tafuta hewa ya wizi. Ziba ufa, ndipo urekebishe. Na wakati wote huo, mtoto asisimame nyuma ya gari.

Wiki iliyofuata nilipita tena Ng'ambo. Land Rover ilikuwa uani inapakiwa karanga, na ilikuwa inanguruma taratibu hata kuku wanapita karibu yake bila wasiwasi. Yule mjukuu alikuwa anaelekeza kwa mkono, lakini safari hii amesimama pembeni, mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo. Mzee akasema, "Bwana shamba, yale magunia sita bado yako ghalani."